Kati ya Funga na Fungua

Jumatano, Giakanja. Baridi ya Julai, ile ya kuuma masikio. Ukungu umekaa mpaka saa nne asubuhi na sasa jioni umerudi tena. Naandika nikiwa jikoni kwa cucu, nimevaa jaketi mbili, kwa sababu mlango wa hii jikoni uko wazi, umezuiwa na jiwe, kama siku zote. Mwaka jana nilimnunulia komeo. Alilifunga kwenye zizi la ndama.

Cucu ni nyanya yangu, mama ya baba. Wenye hunisoma hapa mnamjua kwa ile picha: kitambaa cha kijani kichwani, mikono magotini, wageni wamemzunguka. Picha hiyo mliipenda sana. Leo nimeitoa.

Niko na aibu. Wacha niliseme kwanza kabla sijaanza kujitetea, kwa maana najijua, mimi ni mtu wa kujitetea.

Kazi yangu ni kutembeza wageni. Tunaanzia Nyeri mjini kwenye mnara wa kumbukumbu, tunaenda kwenye maporomoko ya maji, tunaangalia mlima kama umeamua kuonekana, kisha tunamalizia Nanyuki pale ikweta. Pale kuna bwana mwenye beseni. Atakuonyesha maji yakizunguka kulia upande huu wa mstari na kushoto upande ule. Ni ujanja wa mkono tu, sisi wote wenye tunafanya hii kazi tunajua. Wageni wanapiga makofi na sisi tunanyamaza. Nafikiri hapo ndipo nilipoanza kuharibika.

Katikati ya safari huwa nawaleta hapa nyumbani. Nyuma ya shamba letu kuna bonde dogo lenye limejaa napia, zile nyasi ndefu za kulisha ng'ombe. Ukipita haraka utasema ni mfereji wa maji. Ni mtaro. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya hamsini chini ya mkoloni, watu wa hapa walifungiwa kwenye vijiji, na wanawake wakalazimishwa kuchimba mtaro kuzunguka kijiji, ili wapiganaji wa msituni wasipate njia ya kuingia kutafuta chakula. Cucu alikuwa na miaka kama kumi na tatu. Ameuona ukichimbwa, na mama yake alikuwa mmoja wa wachimbaji. Kwa hivyo wageni wakishaona bonde, nawaketisha hapa uani, cucu anaeleza kwa Kikuyu, mimi natafsiri.

Nimetafsiri miaka miwili.

Anayoyasema cucu ni haya, na hajawahi kubadilisha. Siku hiyo watu wazima wote walikuwa mtaroni. Yeye aliachwa na mdogo wake wa kubebwa. Ndugu yake mkubwa alikuwa msituni. Mchana mweupe akaja, alipitia upande wenye mtaro ulikuwa haujafika, akasimama mlangoni akamwita kwa jina, akasema ana njaa. Cucu akafunga mlango. Akasikia nyayo zikiondoka, halafu kipenga cha askari, halafu bunduki upande wa mtaro. Hapo ndipo yeye humalizia. Anasema neno la bunduki na ananyamaza, na mikono inabaki pale pale magotini.

Ninayoyasema mimi ni mengine. Kwa Kikuyu kufunga ni kuhinga, kufungua ni kuhingura. Kwa Kiswahili ni herufi moja tu imeingia katikati. Mara ya kwanza kabisa wageni walikuwa wameinua simu zao, wote wamenikodolea macho, na mdomo wangu ulipofika kwa lile neno uliruka. Nikasema alifungua. Na ukishafungua mlango lazima mtu aingie, sivyo? Basi akaingia. Nikampa viazi vitamu. Safari ya pili nikaongeza uji. Ndugu yake nikamgeuza mpiganaji mmoja tu, kwa sababu ndugu angeleta maswali. Cucu humalizia na bunduki, mimi humalizia na viazi.

Nilijiambia ni kwa ajili ya wageni. Nani atoke mbali aje kusikiliza habari ya msichana aliyefunga mlango?

Uongo. Ilikuwa ni kwa ajili yangu. Ukisikiliza hotuba za mazishi huku Nyeri utadhani hakuna hata mtu mmoja aliyebaki nyumbani, kila babu alikuwa msituni na kila nyanya alikuwa anabeba chakula. Mimi nilitaka wangu pia. Nilikuwa namwonea cucu aibu, mbele ya watu, akiwa ameketi hapo, na nilimfunika nikidhani hajui.

Sasa leo.

Leo wageni walikuwa walimu kumi na watatu kutoka Moshi. Watu wa utani sana. Ukungu ulipofunguka kidogo na kilele kikaonekana, mmoja akaniuliza kwa upole kama huo ndio mlima wenyewe au ni njia ya kwenda mlimani. Wote wakacheka, na mimi nikacheka, utamwambia nini mtu aliyezaliwa chini ya Kilimanjaro? Kiswahili changu nacho walikipima njia nzima. Nikisema "hii mtaro" wananirudishia "huu mtaro" kwa pamoja kama darasa. Tulikuwa tunafurahi kweli.

Kiongozi wao ni Mwalimu Anande, mama wa makamo, sauti ya chini, daftari mkononi. Tulipofika hapa alitangulia, akapiga goti kidogo mbele ya cucu, akamwambia shikamoo. Huku kwetu shikamoo ni kitu cha vitabuni. Nilikuwa nimefungua mdomo nitafsiri.

Cucu akajibu marahaba.

Nikajiambia amelisikia kwenye redio. Ati redio! Huyu ni mwanamke aliyeuza viazi Nanyuki miaka na miaka, na siku za mnada alikuwa anapanda mpaka Doldol na magunia yake, akiuzia wafugaji na wafanyabiashara wa mbuzi. Hizo safari amenisimulia tangu nikiwa mdogo. Sikuwahi kujiuliza alikuwa anabishana nao kwa lugha gani. Mimi mwenye kazi ya lugha. Nyumbani tunaongea Kikuyu tu, basi nikaamua kwamba nyanya hajui kitu kingine.

Akaeleza, nikatafsiri. Alifunga, nikafungua. Leo nilipendeza kuliko siku zote, kwa sababu walimu wanasikiliza vizuri, na viazi vitamu nilivitoa vikiwa moto. Mmoja alikuwa anafuta macho.

Mwalimu Anande alipoinuka alitoa kitenge kwenye mkoba wake, kipya, cha rangi ya machungwa na nyeusi. Akamfunika cucu mabegani. Akasema kwamba kule kwao shuleni atawaambia watoto habari za bibi wa Nyeri aliyefungua mlango, na akaniomba nitafsiri neno kwa neno, asikose kusikia.

Sikupata nafasi ya kutafsiri. Cucu alikuwa ameshakitoa kitenge. Alikikunja mara nne, polepole, akaupangusa upande mmoja kana kwamba amekichafua, na akamnyooshea mwenye nguo.

"Mwarimu, chukua nguo yako," akasema. "Mimi sikufungua mrango. Nirifunga. Na huyu anajua."

Kwa Kiswahili. Kiswahili chetu cha huku, chenye r mahali pa l, lakini hakuna mtu aliyehitaji mkalimani.

Nilitamani ardhi ipasuke. Na ungefikiri hapo ndipo ningenyamaza, mtu mzima wa miaka thelathini na nne, mwenye beji shingoni. Hapana. Nilicheka. Nikasema, walimu wangu mtatusamehe, si mmesikia Kiswahili yangu tangu asubuhi, sisi watu wa huku inatupiga chenga, funga na fungua kwetu ni mtu na ndugu yake.

Nilisema hivyo. Mtu na ndugu yake. Mbele yake.

Walimu wawili watatu walicheka, kwa kunisaidia nafikiri, kwa sababu siku nzima huo ndio ulikuwa utani wetu. Cucu hakunitazama kwa hasira. Angenitazama kwa hasira ningeweza kulala. Alinitazama vile humtazama mtu wa kupita njia, kuona kama anamjua.

Mwalimu Anande hakucheka. Alikaa chini kabisa, kwenye nyasi zenye umande, sketi nzuri na yote, akamuuliza kwa nini alifunga.

"Niriogopa," cucu akasema. "Nirikuwa na mtoto mgongoni."

Yakaisha hapo. Mwalimu Anande akakikunjua kitenge tena akamfunika nacho mabegani, akasema basi hii ni ya baridi tu, bibi, baridi ya kwenu ni kali. Hapo cucu akakubali. Alikivuta mpaka shingoni.

Kutoka hapa mpaka Nanyuki hakuna aliyenirekebisha Kiswahili. Nilisema "hii mji", nilisema "ile milima mkubwa", nikingoja darasa lijibu. Pale ikweta bwana wa beseni alizungusha maji yake, kulia, kushoto, na walimu wakapiga makofi. Mwalimu Anande alikuwa ananiangalia mimi. Nilijishughulisha na kamba ya kiatu.

Nikawaacha hotelini Nanyuki na nikarudi. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia cucu, na yote yalikuwa ya kujitetea, ndiyo maana naandika hapa mwanzoni kwamba najijua. Nimemkuta anachagua maharagwe, kitenge mabegani, jiwe mlangoni. Nikakaa.

Nikamuuliza tu kwa nini amenyamaza miaka miwili kama alikuwa anasikia.

Alitoa mawe mawili kwenye maharagwe. Halafu akaniambia kwamba mara ya kwanza alitaka kunichapa na fimbo. Mara ya pili alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa mdomo wako alikuwa anaingia," akasema. "Anakula, ananishukuru, anaenda zake. Nikawa nakuacha ufungue."

Akasema hilo ni kosa lake yeye, si langu. Kusikiliza alikuwa ameweza, lakini ile nguo ilikuwa ya msichana mwingine, na hawezi kuvaa nguo ya msichana mwingine mabegani halafu aende kulala. Kuhusu mimi hakusema chochote. Nilingoja anigombeze, aki, nilingoja. Angalau angesema nimemkosea. Aliendelea na maharagwe.

Ndipo nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kuuliza kwa miaka miwili ya kula kwa hii hadithi. Nilimuuliza ndugu yake alikuwa anaitwa nani.

Akanionyesha kifua changu kwa kidole chenye vumbi la maharagwe. Nilikuwa sijavua beji.

Ndirangu Gathogo, mwongozaji. Ndirangu ni mimi. Gathogo ni baba yangu, marehemu, mtoto wa nne wa kiume wa cucu. Kwetu majina hayatolewi hewani: wa kwanza ni babake baba, wa pili babake mama, wa tatu ndugu ya baba, wa nne ndugu ya mama. Mtoto yeyote wa darasa la tatu angepiga hiyo hesabu. Mimi huwaeleza wageni hili jambo la majina, ni sehemu ya maelezo yangu, huwa nalieleza tukiwa ndani ya gari kabla hatujafika kwa cucu. Na nimetembea na jina la huyo mtu shingoni kila siku nikimwita mpiganaji mmoja.

Nimevua beji. Iko hapa kando ya simu.

Cucu ameenda kulala mapema, na kitenge chake. Mimi nimeandika ujumbe kwa Mwalimu Anande, nikaufuta, nikaandika tena. Ule wa kwanza ulikuwa mrefu na ulikuwa na neno "lakini" mara tano. Niliotuma ni huu: Mwalimu, haikuwa Kiswahili kunishinda. Nilijua ni funga. Ameusoma. Hajajibu, na hana deni la kunijibu.

Jumamosi niko na wageni wengine. Nilimuuliza cucu kama niwapitishe barabara nyingine, akaniuliza kwani bonde limehama. Anasema ataeleza vile huelezea. Kwa hivyo nitasimama hapo uani, nitafika kwa lile neno, na nitalisema. Ndugu yake nitamwita kwa jina. Nitamalizia na bunduki na ninyamaze, hata kama wageni watabaki wananiangalia wakingoja viazi.

Nitaweza? Leo asubuhi ningesema mimi ni mtu jasiri, mjukuu wa shujaa.

Baridi imenishika magoti sasa. Niliinuka saa ile nikaenda mlangoni, nikainama, mkono ukashika jiwe, mazoea tu. Tangu nikiwa mtoto nimelalamika juu ya huu mlango. Baba alikuwa anasema cucu hakuwahi kuufunga hata siku moja kabla yeye hajaingia na kuitwa kwa jina: Gathogo, ingia ule.

Nimeliacha jiwe mahali pake.