Jenereta Haikuzima

Hapana bana, haikuwa jenereta. Nyinyi wote mnaniuliza tangu jana, kanisani, sokoni, hata hapa cyber ya intaneti, jibu ndio hiyo. Jenereta ilikuwa sawa kabisa. Ni mkono yangu ndio ilizima maiki ya Nafula.

Leo ni Jumatatu na Kitale kunanyesha ile mvua ndogo ya baridi inaingia mpaka kwa soksi. Hakuna kazi. Spika zangu ziko chini ya turubai. Nimekuja kuandika hii kitu kwa sababu siwezi kuisema na maiki. Nikishika maiki mimi huanza kuchekesha.

Kama hunijui, kazi yangu ni kukodisha spika na kuwa MC. Harusi nachekesha, harambee nachekesha, hata matanga nachekesha kidogo wenyewe wakikubali. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo kiswahili yangu usiikagulie makosa.

Nafula ni msusi huko Matisi. Nyimbo zake anatunga akisuka. Mteja akilia kichwa inamuuma, anaambiwa, "Ngoja kidogo mama, namaliza verse." Mimi ndio nilimpatia maiki ya kwanza, na tangu hapo nikampeleka kila sherehe. Anaimba mambo ya wanawake, lakini hatukani mtu. Anauliza tu. Kuna moja ya mama anaamka kabla ya kuku na kulala wa mwisho, halafu karani wa sensa akikuja, mzee anamwambia, "Huyu hana kazi." Kuna ingine ya mwanaume anapikia bibi yake chai. Hiyo wanaume wanaitisha wakicheka, halafu wanaona vile bibi zao wanawaangalia, wanaanza kuangalia viatu.

Mimi nyuma ya mixa, ile mashine ya kupanga sauti, napiga kelele, "Waambie!" Nilikuwa najiona mimi ndio mwanaume wa kisasa Trans-Nzoia mzima.

Ni rahisi kusema waambie kama wewe hauko kwa wimbo.

Jumamosi tulikuwa na harusi Kibomet. Watu wako kwa pilau, Nafula akaingia na wimbo mpya. Ni ya msichana ametoka kwa ndoa mbaya, akarudi kwao, akapata ndugu zake wamelima kila mahali. "Baba, mahindi imefika mlangoni, nilale wapi?" Wamama wakaacha kula. Wakaanza kumwitikia polepole, meza kwa meza.

Mjomba wa bwana harusi, mzee wa Bungoma na kofia yake, akanijia. "Kijana, punguza hiyo kelele. Hii ni harusi ama ni kesi ya shamba?"

"Mzee wangu, ako karibu kumaliza."

Akarudi kwa kiti. Nilikuwa nimemkatalia, hiyo mniandikie kwa mazuri yangu. Iko peke yake, isipotee.

Halafu ikaingia verse ya tatu. Hiyo kwa mazoezi sijawahi kuisikia.

"Ndugu yangu anachekesha dunia nzima, kwangu anakuja na jembe."

Nikazima.

Na sikia ujinga. Nikachukua maiki ingine nikatangaza, "Pole wageni wetu, stima imepotea!" Kwa maiki! Sauti inatoka kwa spika, na jenereta inanguruma nyuma ya choo kama trekta. Watu walicheka mpaka mzee wa kofia akamwaga soda. Walidhani ni mchezo ya MC. Nafula aliendelea na mdomo tupu, wamama wa mbele wakasongesha viti wamsikie. Mimi nikaweka muziki ya kukata keki juu yake.

Hiyo ndio inaniuma. Wangekasirika ningelala vizuri. Lakini walicheka, na wimbo ikafia hapo.

Sasa nikwambie kwa nini.

Dada yangu Sella alirudi nyumbani mwaka jana, kule Bungoma karibu na Lugulu. Bwana yake alikuwa anamchapa. Sisi ndugu zake tukampatia ile nyumba ya jikoni, tukajisifu sana. Mvua ilipofika tukapanda mahindi mpaka kwa ukuta yake. Akauliza, "Na mimi sukuma wiki nipande wapi?" Mimi nikamjibu, "Panda kwa sufuria." Boma yote ikacheka. Hata yeye alicheka kidogo, halafu akaingia ndani.

Na mimi ndio nilimleta Matisi asukwe. Alikaa kwa kiti ya Nafula asubuhi yote. Nilidhani wanaongea mambo ya nywele.

Harusi ikiisha, Nafula alinisaidia kukunja waya kama kawaida. Nilifurahi, nikajua imepita.

"Hukuzima juu ya mzee," akasema.

"Nafula, si unajua hawa wazee vile wako..."

"Mzee alikuwa amerudi kukaa. Nilikuona." Akamaliza kukunja, akaniwekea waya kwa mkono. "Jumamosi ijayo Bungoma naimba yote. Sella atakuwa amekaa mbele. Ukizima nitaimba tu, lakini usiwahi kuniita msanii wako tena."

Nikaenda kupakia spika.

Hiyo ya Bungoma ni sherehe ya kikundi cha wamama, na Sella ni mmoja wao. Watu wengine wa spika wamekataa kwenda, ati wimbo italeta maneno. Kwa hivyo ni mimi ama Nafula aimbie upepo. Na niseme ukweli: jana nimewaza niambie wamama mixa imeungua. Uwongo iko tayari, na ni tamu, hata mimi ningeiamini.

Naogopa dada yangu akisikia hiyo verse akiwa hapo mbele. Hapana. Naogopa watu wakigeuka kuniangalia. Watu mia wakicheka nawaweza. Mmoja akiniangalia bila kucheka, huyo simwezi.

Sijui kama naweza kuacha hiyo mkono itulie. Ndio maana nakuletea biashara wewe unasoma. Jumamosi njoo Bungoma, usimame na mimi nyuma ya mixa. Ukiona mkono yangu inatambaa kuelekea kwa swichi, ichape. Na nguvu, usinionee huruma. Nikishika maiki nianze kuchekesha, nipokonye.

Malipo yako ni mahindi ya kuchoma mpaka ushindwe. Iko mistari mingi imekomaa hapo karibu na mlango ya mtu, na lazima yote itoke.

Lakini kwanza tutabisha hodi. Tumuulize mwenye mlango kama anakubali tuingie.