Mama wa Miaka Mitatu

Jumatatu, 7 Juni 1993
Grili nne zimetoka. Geti la Mikocheni bado. Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa tisa. Saa tano za kuchomelea zimekwenda bure.

Nimerudi nyumbani nikakaa barazani, nikahesabu. Tangu nivue viatu mpaka binti yangu alipolala, ameitwa majina tisa. Mami. Bebi. Kadoli. Muuza genge anamwita mchumba. Bibi Mwanaidi, jirani yetu, anamwita mke mwenzangu na kumdai zamu. Jina lake limetajwa mara moja tu, na aliyelitaja ni mie. Namkunda. Nilipanga foleni siku mbili kuliandikisha.

Aliyezidi wote ni mama yangu. Ameshuka kutoka Upareni wiki sita zilizopita, kutibiwa macho. Kila asubuhi anamwinamia mtoto wa miaka mitatu: "Shikamoo mama." Mtoto, uji mdomoni: "Mahaba." Ua zima linavunjika mbavu.

Najua, jina ni la bibi yangu, mama yake mzazi. Aliliomba mwenyewe. Lakini utani kila siku, mtu mzima na akili zake! Unanichosha.

Jumatano, 9 Juni
Hospitali. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hata ugonjwa wameuita mtoto.

Kitanda kimepatikana Alhamisi ijayo, tarehe 17. Ijumaa wanapasua jicho la kulia. Nimempima mwenyewe kwa futi ya karakana. Krismasi alihesabu vidole vyangu kwa futi sita. Leo kwa futi mbili. Hesabu hiyo haihitaji daktari.



Alhamisi, 10 Juni
Hataki kupasuliwa.

Nimemuuliza sababu. Akasema, "Mama hajaniruhusu." Mama yupi? Bibi alishazikwa kabla mie sijazaliwa. Akaelekeza kidevu kule mtoto alikokuwa anachezea vifuniko vya soda.

Nilikasirika. Nikamwambia yule bado anakojoa kitandani.

"Hata mama mwisho wake alikojoa kitandani," akanijibu.

Bibi Mwanaidi alisikia kupitia ukutani. Kacheka mpaka kakohoa.

Jumamosi, 12 Juni
Nimepiga marufuku. Nimewaambia wakati wa kula: humu ndani mtoto ana jina. Hakuna mami, hakuna bebi, hakuna shikamoo mama.

Mke wangu akaniuliza, "Na mie ninalo jina? Lini uliniita mara ya mwisho?" Nikamega tonge jingine. Miaka mitatu namwita Mama Namkunda.

Marufuku iko palepale.

Jumapili, 13 Juni
Asubuhi Namkunda kasimama mbele ya bibi yake, anangoja. Mama kafumba mdomo. Mtoto kangoja, kangoja, kisha kaondoka taratibu. Hakulia.

Nimejisikia vibaya. Siku zimebaki nne.

Jumanne, 15 Juni
Mama ameniita chumbani. Amesema mwenyewe, sikumuuliza.

Alitoroka kwao kumfuata baba. Hakuaga. Miezi saba baadaye mama yake akafa, hawajaonana. Kaburini walimruhusu asimame nje ya migomba tu. Mie nina miaka arobaini na moja, mtu wa kwanza kuzaliwa katika ndoa ile, sikuwahi kuambiwa.

"Niliondoka mara moja bila ruhusa," amesema. "Mara ya pili siondoki."

Nilidhani ni utani. Miaka mitatu, kila nilipompeleka mtoto likizo, kila shikamoo ile, ilikuwa kweli tupu. Ua zima linacheka, na mie nakasirika, na hakuna aliyeona kwamba mwanamke huyu yuko mbele ya mama yake.

Sijui kwa nini naandika hivi.

Jumatano, 16 Juni
Nimeiondoa marufuku. Kisha nikafanya upumbavu. Nilimchukua Namkunda pembeni, nikampa biskuti mbili: bibi akija, mwambie "nenda." Neno moja tu.

Kala zote mbili. "Sitaki."

Mama alikuwa mlangoni. "Umesikia?" akasema, akaanza kufungua kifurushi chake cha hospitali, akitoa kanga moja moja.

Nikajua imekwisha. Atakuwa kipofu nyumbani kwangu, kwa sababu ya biskuti.

Baada ya alasiri alitoka uani. Akapiga magoti kwenye mchanga, magoti yale mabovu, akashika ardhi ili asianguke. Akasema, "Mama, nimekuja kuaga. Wanataka kunipasua jicho. Ukikataa, sitakwenda."

Hakuna aliyecheka. Hata Bibi Mwanaidi, ungo mkononi, kasimama.

Namkunda kaacha vifuniko vyake. Kamkaribia. Kamshika mashavu kwa mikono yote miwili na kumtazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu ndani. Kisha kampulizia macho. Moja, halafu la pili. Kama anavyopuliziwa akichubuka goti.

"Nenda, urudi upesi."

Ndivyo mke wangu anavyomwambia akimtuma kwa jirani. Najua. Lakini nilimfundisha neno moja, akalikataa. Haya yalikuwa matatu, na si yangu.

Mama alilia pale chini. Nilimwinua. Mwepesi ajabu.

Ijumaa, 18 Juni
Aliingia saa tatu na dakika kumi. Alitoka saa nne kasoro robo. Daktari kasema salama.

Karakana sikufungua.

Alhamisi, 24 Juni
Wamemtoa bandeji na kumwazima miwani mizito mpaka yake itengenezwe. Tumefika nyumbani mchana. Namkunda alikuwa amelala mkekani, kanga ya mama yake miguuni.

Mama akakaa karibu naye. Akavaa miwani, akamtazama. Vidole. Masikio. Vumbi la magotini. Wiki nane wamekaa nyumba moja na hakuwahi kumwona sawasawa.

"Mdogo hivi," akasema taratibu.

Nikangoja ajicheke. Hakujicheka. Akamsogezea kanga begani, akamwinamia sikioni: "Mama, nimerudi."

Nilikuwa mlangoni, kiatu kimoja mkononi. Nikabaki hapohapo.