Yule Mwenye Jino Moja

Nyumbani,
Jumapili mchana

Mdogo wangu, Chiriku wetu ametoa kitabu cha mashairi! Kitabu chenyewe, chenye jalada, na jina lake juu kwa herufi kubwa. Nimekilaza kwenye cherehani hapa ninapoandika, nisije nikadhani niliota.

Haya, sasa ndiyo nikusalimu. Hujambo mpenzi wangu? Kifua kimepoa? Shemeji yangu na watoto hawajambo? Sisi wazima. Mama naye mzima, na lile jino lake moja halijamzuia kutafuna kitu.

Nikuonye mapema: mashairi ya siku hizi hayana vina. Mistari mifupi mifupi, kama vitambaa vinavyobaki ukishakata gauni. Tena yote yanasema habari za nyumbani kwangu! Ngazi, bomba linalovuja, kamba ya nguo. La kwanza kulifungua nikakuta hivi:

Chumbani mwa mama anakaa mmoja
mwenye jino moja.
Anatafuna kutwa, hamezi.
Akinyamaza, nyumba nzima huogopa.

Nikawaka. Nikamfuata jikoni. "We mtoto, bibi yako amekukosea nini mpaka unamtangazia watu jino lake?" Chiriku alicheka hadi akakaa chini. Mama naye, huko huko kitandani: "Mwache! Mradi kaandika kwamba mnaniogopa."

Chiriku alinishika mkono, akanikalisha kwenye cherehani, akasema, "Shona, mama." Nikakanyaga. Sindano ikashuka, ikapanda, ikashuka. Mdogo wangu, jino moja ndilo hilo! Miaka yote hii nakaa mbele ya kitu hiki, sijawahi kukiona. Na ule mstari wa mwisho ni kweli tupu: cherehani ikinyamaza, humu ndani kila mtu anajiuliza tutakula nini. Kumbe mtoto alikuwa anasikia.

Sasa kila kitu nakikodolea macho. Jana nimesimama uani nikitazama mashati ya shemeji yako yanavyopungia watu mikono, jirani akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu, "Niumwe nini? Mimi ni mama wa mshairi."

Nilimuuliza Chiriku nani kamfundisha. Akasema, "Mama mdogo." Kumbe ulipokuwa ukikaa nasi, mkikunja nguo, mlikuwa na mchezo wenu: unashika kitu, unamweleza mwenzako bila kukitaja jina. Mimi nilidhani mnapiga soga! Ahsante, mdogo wangu. Macho nilimpa mimi, kutazama umemfundisha wewe. Sina cha kukulipa.

Ila kuna tatizo. Amealikwa kusoma mashairi yake maktabani, mbele ya watu, na huyu huyu mwenye mdomo wote ule akijaribu kwa sauti anakwama. Analia, anataka kuwaandikia kwamba haji. Anasema alizoea kumweleza mtu mmoja tu, aliyekaa mbele yake. Basi mtu huyo sharti awepo. Gauni lako nimeshalikata. Kiuno nimekadiria, nikaongeza kidogo. Usininunie.

Mama anakusalimu, shemeji yako anakusalimu. Chiriku amekataa kukutumia salamu, anasema atakupa mwenyewe. Mungu akulainishie safari, akulete na kifua kizima.

Mimi dada yako nikupendaye mno,
Mama wa Mshairi

Kiti cha mbele ni chako. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi jioni.