Rimoti Mbili za Mashine ya Vumbi

Duluth, Jumapili

Shemeji Verlin,

Theluji imeanza kuyeyuka, nasi tupo. Mdogo wako Harlan bado anapasua mbao katika karakana yake chini ya nyumba, na bado hataki kuwasha mashine ya kunyonya vumbi, eti kelele zake zinamzuia kusikia hoki redioni. Daktari alimwonya kuhusu mapafu. Akajibu, "Baba alivuta vumbi hilihili." Baba yenu alikufa akikohoa, Verlin. Mnajua nyote, na nyote mnanyamaza.

Basi nikanunua rimoti ya pili. Nikisikia msumeno, naiwasha mashine nikiwa jikoni. Yeye anaizima kwa rimoti yake.

"Gretta, huku chini bosi ni mmoja," anapiga kelele.

"Na huku juu mjane atakuwa mmoja," namjibu.

Tumegombana hivyo tangu baridi ianze.

Jana niliwasha, hakuzima. Nikashuka mbio. Nilimkuta ameketi juu ya rundo la mbao, anahema, rimoti mkononi.

"Iache tu iwake," akasema.

Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kunikubalia kirahisi hivyo. Naogopa, shemeji. Njoo umwone.

Ni mimi, mgomvi wenu,
Gretta