Hotpoti ya Mwamvita

"Umeniletea pilau au umenishtaki?" Shoga, ni Mama Wilbard huyo, anamfokea Mwamvita mlangoni!

Kisa? Chini ya hotpoti Mwamvita kaandika RETURN kwa maka peni. RETURN, yaani rudisha! Kwa jirani wa miaka kumi!

Mume wa Mama Wilbard, Mwalimu Hezroni, akadakia eti Waingereza neno hilo walilitoa kwa Wafaransa, maana yake kugeuka tena.

"Geuka wewe, uingie ndani!" mkewe akamkata.

Mwamvita naye akalipuka: "Mwezi uliopita ulinirudishia tupu!"

Tupu, shoga! Wakati chombo cha jirani hakirudi tupu, hata ndizi mbili huwa tunatia!

Mama Wilbard akaingia, akatoka na hotpoti imefurika makande. Mwamvita akanyoosha mikono.

"Huendi nayo imejaa. Ingia ule hapahapa, uondoke nayo tupu!"