Nyumba ya Baba Nimeionyesha, Sikuiuza

Nyamityobora,
Mbarara, Uganda.
21 Juni 1987

Mpendwa kaka yangu Siraje,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Buyenzi, Bujumbura, wewe na shemeji Safiyah na watoto wote. Kifua chako kinaendeleaje? Bado unainamia cherehani kutwa bila kunyoosha mgongo? Mwambie shemeji akufiche mkasi kila Ijumaa, la sivyo hutapumzika mpaka kiama.

Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mwanangu Zainah ana mafua kwa sababu ya vumbi la kiangazi, na mimi goti langu la kulia linanisumbua nikilala. Mchana silisikii kabisa kwa furaha niliyo nayo.

Nakujua. Ukipata barua huruka juu juu ukitafuta nani amekufa. Hakuna aliyekufa, kaka. Rudi mwanzo usome mahali ninapoandikia. Sikuandika kambi ya Nakivale. Nimeandika Nyamityobora, na hivi sasa nimeketi kwenye baraza ya uani ya nyumba ya baba yetu, mgongo nimeuegemeza kwenye ule ukuta wenye kiraka.

Barua yako ya mwaka juzi ninayo bado. Uliniandikia, "Mastulah, mwenye nguvu mpishe. Nyumba ile ihesabu imeungua." Nililia siku mbili, halafu nikakasirika, na hasira ile nimeitunza hadi mwezi huu kama mtu anayetunza mbegu. Usiwe na wasiwasi, imekwisha.

Unajua tulivyotoka mwaka wa themanini na mbili, tulipoambiwa sisi ni Wanyarwanda, turudi kwetu, kana kwamba baba hakuzikwa hapa hapa Mbarara. Hati ya nyumba ilipotelea njiani pamoja na magodoro. Mwezi haukuisha, dalali mmoja jina lake Naboth akavunja kufuli akaingia. Aliwaambia watu kwamba baba alimuuzia kabla hajafariki. Vyumba vya mbele alivijaza magunia ya maharage, cha nyuma akalala yeye. Jirani yetu Yayeri ndiye aliyetuletea habari, lakini nani angemshtaki? Mimi nilikuwa mtu wa kambi, napanga foleni ya unga.

Sasa sikiliza jinsi Mungu anavyopanga mambo yake. Siku chache baada ya Idi, mzee mmoja alifika mlangoni kwangu Nakivale kwa pikapu, kavaa kofia na koti zito kwenye jua lile, fimbo mkononi. Ni mfugaji wa Endiinzi, anaitwa Mzee Benon. Binti yake amepata nafasi ya sekondari Mbarara, naye alikuwa anatafuta nyumba mjini. Naboth alimdokezea chini kwa chini kwamba anayo moja, asimwambie mtu. Nyumba haikutangazwa popote, hata ubao haukuwekwa. Mzee akashuku, akawauliza majirani, na Yayeri akamwelekeza kwangu.

Alivua kofia, akakataa kiti, akasema, "Mama, mimi siko mwizi. Sisi watu ya ng'ombe hatuwezi nunua ng'ombe kama hatujui mama yake. Sasa hii nyumba, mama yake ni nani?"

Nilimwambia mama yake ni mimi na kaka yangu aliye Bujumbura, na haiuzwi. Hakukasirika hata kidogo. Alisema Jumamosi Naboth atamwonyesha nyumba, na angependa niende nami nimwonyeshe, apate kujua nani anasema kweli. "Kuona si kununua, mama," alisema, akarudi kwenye gari lake.

Wiki ile sikulala vizuri, kaka. Nikienda, Naboth angeweza kuniitia watu wanipige, au aseme nimetoroka kambini. Nisipoenda, mzee angedanganywa, angeuza ng'ombe wake anunue matofali yetu, na baada ya hapo nani angemtoa? Naboth ni mwizi tu, lakini Benon angekuwa mnunuzi wa haki. Na wewe nusu mwenye nyumba uko mbali, barua huchukua mwezi mzima kukufikia, tena nilishajua ungejibu nini.

Jirani yangu wa kambini, Mama Feza, aliyetoka upande wa Kivu, alinikataza kabisa. "Usiende, mama Zainah," alisema. "Ukionyesha mutu nyumba, ni kusema umeshaiuzisha. Na kule kwa bale batu, nani atakulinda?" Watu wengi kambini walisema kama yeye. Kwetu sisi, ukimpitisha mtu vyumbani, umeshampa nusu ya moyo.

Alhamisi nilikuwa napepeta maharage, na mikono ikifanya kazi akili nayo hutulia. Nikajiuliza: tangu lini mtu akamwomba asiye mwenyewe ruhusa ya kuona nyumba? Miaka mitano mizima hakuna aliyeniomba chochote juu ya nyumba ile. Serikali haikuniuliza, Naboth hakuniuliza, na wewe, samahani kaka, ulinishauri tu. Mtu wa kwanza kubisha hodi na kuniita mwenye nyumba ni huyu mgeni mwenye harufu ya maziwa. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, waliniona mimi. Nikaweka ungo chini, nikamwambia Zainah anipigie pasi kile kitenge alichonitumia shemeji.

Mzee Benon aliporudi kutaka jibu, nilimpa sharti moja. Aniombe tena, kwa sauti, barazani, mbele ya majirani na mwenyekiti wa RC. RC ni baraza la mtaa. Mabaraza haya yameanzishwa serikali ilipobadilika, na mwenyekiti wa hapa ni Hudu, yule aliyekuwa kijana wa buchani. Mzee alicheka, akakubali.

Jumamosi tulifika mimi na Mzee Benon, kitenge changu kimenyooka. Naboth alikuwa barazani na funguo zake. Aliponiona alimgeukia Hudu, akasema, "Huyu ni mtu ya kambi. Nyumba ya mjini atatoa wapi?" Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Mzee Benon akavua kofia, akaniomba kwa heshima nimwonyeshe nyumba yangu. Kaka, nilitamani uwe hapo ulisikie neno lile "yako."

Nikasema Naboth atangulie. Mimi nina adabu, mwenye haraka nampisha. Akampitisha mzee mbio mbio, hapa stoo, hapa pa kulala, hapa jiko, kama mtu anayeonyesha duka. Mzee alipouliza kwa nini matofali ya ukuta wa uani yana rangi mbili, Naboth akajibu fundi aliishiwa tofali.

Halafu nikaonyesha mimi. Mlango wa nyuma, ambao yeye alikuwa anausukuma kwa bega, niliunyanyua kidogo kwa ncha ya mguu ukafunguka wenyewe, kama baba alivyotufundisha. Nikaeleza kile kiraka: bomu la vita ya sabini na tisa lilipita pale, na baba akaziba kwa tofali alizookota kwenye nyumba zilizobomoka mjini. Watu wakaanza kunong'onezana. Kisha nikaomba jembe.

Sasa hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Unakumbuka tangi la maji ya mvua, lile ulilochimba na baba chini ya baraza ya uani ukalalamika mpaka mama akakutisha na mwiko? Tulipotoka nililifunika kwa matofali, nikayasawazisha na sakafu, kama baba alivyolifunika wakati wa vita. Yayeri alinisaidia kuyapanga. Naboth aliuona ule mfereji wa bati unaoshuka ukutani akadhani unapeleka maji barabarani. Miaka mitano alikuwa akiweka kiti chake juu ya tangi, anangoja wachota maji wamletee madumu kutoka mto Rwizi.

Nikamwomba asogeze kiti. Nikang'oa matofali manne, nikanyanyua mfuniko, nikadondosha kijiwe. Uani kote walisikia kikiingia majini. Mvua za masika zilikuwa zimelijaza karibu na mdomo.

Yayeri alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi nilinyamaza tu," alisema. "Nilisema, wacha anunue maji, anunue." Fikiria, kaka, mama yule alimtazama kila asubuhi kwa miaka mitano akihesabu madumu, na hakusema neno hata kwa mumewe. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Lakini kilichonitoa machozi ni Hudu. Alisogea, akainama, akachungulia ndani. Halafu akasema, "Mimi na mama yangu tulikunywa hii maji siku kumi na moja. Bomu inalia nje, mzee Swaibu, baba ya huyu mama, anatuchotea." Mara bibi mmoja akasema na yeye alikunywa. Na mwingine. Nusu ya mtaa ilipona kiu kwa tangi la baba mwaka ule wa vita, na wote walikuwa wamefunga midomo kwa woga mpaka waliposikia maji. Hudu akamuuliza Naboth, "Wewe ulinunua nyumba kwa mzee, na yeye hakukuonyesha maji?" Naboth akatazama funguo zake.

Baraza lilikaa pale pale uani, na Hudu akaandika kwenye daftari majina ya mashahidi kumi na tisa. Halafu akaandika nyumba ni ya nani, na jina lako limo, kabla ya langu, kwa sababu wewe ni mkubwa. Naboth alipewa siku saba kuondoa maharage yake. Alitumia tatu, na siku ya mwisho Yayeri alimbebea kiti mpaka barabarani, kwa upole mkubwa.

Mzee Benon bado anaitamani nyumba, ananiambia wazi. Nikamjibu ameiona, na mama yake amemjua, basi. Akasema ng'ombe mwenye ukoo kama huo hata yeye asingemuuza. Lakini sikumwacha atoke mikono mitupu, kwa maana bila macho yake makali ningekuwa bado napepeta. Binti yake Yudaya atalala chumba cha mbele wakati wa masomo, na mzee ameshaleta kibuyu cha kwanza cha maziwa. Zainah amefurahi kupata mwenzake.

Sasa nakuomba radhi, kaka. Nusu ya nyumba ni yako na niliionyesha bila idhini yako. Kama umekasirika, kasirika kwa siku mbili kama mimi nilivyolia mbili, tuwe sawa. Sikufanya kwa kukudharau. Nilichoka kuhesabu kuwa imeungua kitu ambacho nilijua kimesimama.

Nisalimie shemeji Safiyah sana, mwambie kitenge chake kimeshuhudia ushindi. Salamu kwa watoto wote, hasa yule mdogo uliyempa jina la baba. Mama Feza anakusalimu ingawa hakujui. Alikuja juzi kuona kama bado niko hai, akanywa chai akakiri alikosea. Yayeri anasema usilete zawadi yoyote, uje na habari tu. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe afya na rizki ya halali, na atukutanishe kabla hatujaota mvi zote.

Tangi tumelisafisha na maji tunayachemsha. Uliapa hutayanywa kamwe kwa sababu kuchimba tangi kulikumalizia ngozi ya viganja. Kikombe chako nimekiweka dirishani, kile cha bati chenye kishikio kilichopinda. Njoo. Ukifika usiingie moja kwa moja kama ulivyozoea. Simama barazani, vua kofia, uniombe nikuonyeshe nyumba kama Mzee Benon alivyoomba. Nitakupitisha chumba kwa chumba, nitaunyanyua mlango kwa mguu, nitakuchotea maji, halafu nitakwambia nilivyomwambia yeye, kwamba haiuzwi.

Wako akupendaye, aliye nyumbani,
dada yako Mastulah