Yaya Masika, Barabara ya Beni Haijakurudisha

Yaya Masika, dada yangu mpendwa,

Sijui nikuandikie kama mtu aliye hai au vipi. Tangu gari mlilopanda lisimamishwe na watu wenye bunduki kwenye barabara ya Beni, maneno yenyewe yananishinda. Majirani wanasema "Masika alikuwa". Mama akisikia hivyo, anatoka nje.

Wengi hapa Butembo walikujua ukiwa na biro yako, ile ofisi ya ghorofani. Mimi nakukumbuka ukiwa keshia, nami nimekuletea chakula dukani. Siku ile mama mmoja alitoka Kayna na redio aliyoinunua kwenu, haitoi sauti. Sentineli aliyelinda mlango akamsukuma nje. Uliacha kasa ulipopokelea pesa, ukamshika mkono, ukampeleka moja kwa moja kwenye kiti cha patron, mwenye duka.

"Ikala hapa, mama," ukamwambia. "Mutu ametoka mbali hivi, hapana kumuongelesha akisimama inje."

Patron aliingia akakuta kiti chake kina mtu. Wewe ulimweleza habari ya redio kwa sauti yako ya kawaida, bila kuinamisha kichwa. Yule mama akapewa redio nyingine, na patron akakununia siku nyingi. Tulidhani kazi yako imekwisha. Kumbe alikuwa anafikiri. Alikukabidhi malalamiko ya wateja, na miaka ilipopita akakufanya mkurugenzi wa huduma ya wateja kwa maduka yake yote mawili, la Butembo na la Beni. Kabla yako, mwanamke alipanda ngazi zile kwa kuzifagia tu.

Wanaume wa depo, ghala la bidhaa, hawakutaka hata kukuamkia. Mkubwa wao, Kambale, alikuambia usoni: "Mwanamuke atuongoze sisi? Mais hapana!" Jioni ulirudi nyumbani kwetu, mtaa wa Kimemi, ukavua viatu, ukalia huku unamenya viazi. Nikakuuliza kwa nini usiache.

"Nikiacha, batasema banamuke banashindwa. Leta ile sufuria."

Baadaye Kambale huyohuyo alikuja kukuomba umsemee mke wake apate kazi ya kasa. Ukamsemea.

Halafu Beni ikachafuka tena kwa mashambulizi. Wakubwa wa duka la kule walikimbia, wakabaki mabinti wa kasa peke yao, wakitukanwa na wateja wenye njaa na hofu. Patron alikusihi uongee nao kwa simu. Ulikataa. "Kwa simu siwezi kubaona macho," ulituambia, ukaondoka asubuhi.

Gari lilipatikana limeungua. Waliouawa walikuwa pembeni mwa barabara, tukawazika. Wewe hukuwa kati yao. Mwanaume mmoja aliyetoroka alisema alikuona ukiingizwa msituni, umebebeshwa mzigo kichwani, unachechemea. Habari yako imeishia hapo.

Sasa patron ameweka mwanaume mwingine ghorofani. Nilikwenda kuchukua vitu vyako: kitenge, kikombe, viatu vya kubadilisha. Niliposhuka navyo, mabinti wa kasa waliacha kazi wakasimama. Mteja mmoja akapiga kelele kwamba anacheleweshwa. Wakakaa, wakaendelea.

Nyumbani Baba alitaka tukuombee misa ya marehemu. Kila alipolitaja jambo hilo Mama alimkatiza: "Hatuyaona maiti. Nitamulilia nani?" Wakawa hawasemezani. Lakini jana Mama alinipa kitenge chake cheusi nikipige pasi.

"Nimechoka kuangalia mulango," alisema.

Nilikipiga pasi, nikakikunja, nikamwekea kitandani.

Misa ni Jumamosi. Nitakaa karibu naye, padri atalitaja jina lako, na watu watatupa mkono wa pole. Nitapokea. Lakini kama bado unatembea huko, yaya, na siku moja ukasikia kwamba sisi wa kwenu tulikulilia kabla ya wakati, njoo. Njoo hata kwa hasira. Ingia unatugombeza sote.

Ni mimi, mdogo wako